Koti Lililokatwa kwa Picha

Sifa njema ni zake Mola aliyemuumba kila mja kwa kipimo chake, asimkate mmoja kwa karatasi ya mwingine. Namshukuru kwa macho ambayo mpaka leo yanaona tundu la sindano, ingawa siku hizi naliona baada ya kulitafuta. Namshukuru kwa kazi isiyo na haraka, na kwa watu wengi walionisamehe nilipokosea vipimo.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka moja sokoni Shianda, na imekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba miguu yake imechimba vishimo vinne kwenye saruji. Asubuhi nashona, baada ya sala ya alasiri nawafundisha watoto madrasani. Wateja wangu wengi ni Wakristo, watu wa miwa: wakulima, wakataji, wafanyakazi wa kiwandani. Wazee wenzangu huniita Mwalimu, vijana huniita Mzee, na kote naitika.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu wa dini alitufundisha kwamba nguo ni sitara kabla ya kuwa pambo. Nilikuwa mtoto, nikadhani sitara ni kufunika uchi basi. Ilinichukua miaka ya kupima watu ndipo nikaelewa kwamba alisema zaidi ya hapo. Mtu akisimama mbele yangu na tepu ikamzunguka, najua mambo ambayo huenda nduguye hajui: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, mgongo ulioanza kuinama, kifua kilichokonda tangu mwaka jana. Hayo nayapeleka kwenye kitambaa na kuyaacha huko. Fundi anayesimulia miili ya wateja wake sokoni ni msengenyaji mwenye mkasi.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Fundi hakati koti upande huu kisha upande ule. Hukikunja kitambaa katikati, akaweka juu yake karatasi ya nusu ya mtu, akakata mara moja. Akikifungua, anapata pande mbili zinazolingana. Ndiyo maana karatasi za wateja wangu, ninazozitundika kwenye misumari ukutani, ni za nusu nusu. Binadamu hana haja ya kuchorwa mzima. Ila mmoja.

Huyo mmoja ujanani mwake alikuwa mpakiaji wa miwa. Siku moja mzigo uliteleza juu ya trela, ukaanguka naye chini. Bega lilivunjika, na mfupa ukajiunga ulivyotaka wenyewe. Tangu hapo bega lake moja limekaa chini kuliko lenzake kwa upana wa vidole vitatu. Alikuja kwangu baada ya kupona, akasimama pembeni mpaka wateja wengine walipoondoka.

“Mwalimu,” akasema, “nataka koti. Lakini nataka mtu akinitazama aone koti.”

Sikumuuliza zaidi. Nilimchorea karatasi za pande mbili, kila upande na vipimo vyake. Upande ulioshuka niliujenga kwa pedi kidogo kidogo, nikasawazisha mifuko, nikalifanya koti lote refu na lenye nafasi, la vifungo vitatu na kola pana. Lilipokwisha, alisimama mbele ya kioo cha duka kwa muda. Kisha akasema, “Mulembe.” Hiyo ndiyo salamu yetu ya amani, na aliisema kama anayesalimiana na mtu aliyekuwa safarini.

Koti hilo lilipochakaa nilimshonea jingine kwa karatasi zile zile, na baada ya hilo jingine. Mashati yake pia yalitoka kwangu. Alivaa koti kwenye jua na kwenye mvua, kanisani na mazishini, na watu wakaamua kwamba huo ndio mtindo wake. Walimsifu. Mwalimu mkuu mmoja alikuja kutaka la namna hiyo hiyo, nikamshonea. Kwake lilikaa kama blanketi lililotupwa kwenye kiti.

“Mbona langu halina ile kitu?” akaniuliza.

“Livae tu,” nikamwambia. “Litakuzoea.”

Halikumzoea.

Sijiweki nje ya jambo hili. Nilipokuwa kijana, nilikuwa na kalenda yenye picha ya mpiga gitaa aliyevaa suruali nyembamba mapajani na pana miguuni kama kengele. Nikajishonea ile ile. Siku ya kwanza tu kuivaa, nikiwa njiani kwenda Mumias, mnyororo wa baiskeli uliimeza suruali na mimi nikaenda mtaroni pamoja nayo. Mama yangu alinipokea, akaitazama nguo, akasema, “Huyo wa kwenye kalenda, ulimwona na baiskeli?” Nadhani hilo ndilo swali pekee la mtindo lililowahi kuulizwa vizuri nyumbani kwetu.

Basi, yule mpakiaji wa miwa alizaa binti mmoja na wana watatu. Binti alisomea michoro ya majengo katika chuo cha ufundi pale Sigalagala, akapata kazi, akapata mchumba kutoka upande wa Butali. Ni mtu wa mpango. Alifika barazani kwangu na kitambaa ameshanunua mjini, rangi ya chai ya maziwa, na simu mkononi.

“Mulembe, Mzee.”

“Mulembe muno, mwanangu. Baba hajambo?”

“Hajambo, yuko hapo nje na watu wa boda. Mzee, angalia hii.”

Kwenye simu kulikuwa na mwanamuziki ambaye hata mimi nimemwona, maana sura yake iko kwenye kila ukuta wa kinyozi. Amevaa suti iliyombana kama ganda la ndizi, koti fupi, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu. Ameegemea gari, mkono mfukoni.

“Soksi zake ziko wapi?” nikauliza.

“Hiyo ndiyo staili yenyewe, Mzee.”

“Na ng’ombe wa kwao amekula suruali?”

Akacheka. “Nataka nne. Kaka zangu watatu na baba. Wote sare, wawe hivi hivi.”

“Hata baba?”

“Hasa baba! Mzee, baba amevaa koti moja tangu nizaliwe. Siku ya kiyama atafufuka nalo. Kwa siku yangu hiyo moja nataka awe smati kama wababa wengine. Kama huwezi niambie tu, kuna fundi mjini anashonanga hizi.”

Baba yake alikuwa ameingia na kusikia. Sikuweza kumwona macho, kwa sababu alikuwa anatazama viatu vyake.

“Mwalimu, mpe anachotaka,” akasema. “Ni siku yake.”

Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kumwambia binti kwamba mtu wa umri ule havai hivyo, nikasingizia dini au baridi. Sikufanya. Nimejichunguza mara nyingi, na jibu ni dogo kuliko nilivyotamani: ni lile neno la fundi wa mjini. Nilitaka aone kwamba mzee bado anaweza. Nilijiambia pia kwamba koti la kubana haliwezi kutoka kwenye karatasi zile za zamani, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nayo mtu huweza kujificha nyuma yake.

Nikapima wana watatu, nikampima baba, nikaiweka ile picha mbele yangu. Karatasi zake za pande mbili zilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye msumari. Sikunyoosha mkono. Nilikunja kitambaa.

Siku ya kujaribu ilikuwa siku ya soko. Makoti yalikuwa bado hayana vifungo, yameshikizwa tu kwa uzi mweupe mrefu. Vijana walivaa kwanza, na nakiri kwamba walipendeza. Miili yao ilikuwa ya picha, miembamba na isiyo na habari yoyote. Dada yao aliwapiga picha. Kisha akavaa baba.

Kola ilikimbilia upande mmoja. Mkono mmoja wa koti ukafika kwenye vidole na wa pili ukaishia kwenye saa. Mkunjo mmoja mrefu ukatoka begani ukashuka mpaka nyonga, kama mkanda wa mkoba. Kila kitu ambacho nilikuwa nimekifunika muda wote ule kilisimama pale barazani, mchana, mbele ya soko.

“Baba, simama wima,” binti akasema, simu ameinua.

Akasimama.

“Wima, baba. Mbona unasimamanga hivyo?”

Akalipandisha bega kwa nguvu. Niliona mshipa wa shingo ukitokeza. Alilishikilia juu kwa pumzi tatu au nne, kisha likashuka lenyewe.

Mwana wa mwisho ni mcheshi, na hana ubaya. “Baba,” akasema kwa sauti, “tua miwa! Trela limeshaenda!”

Wakacheka. Wanawake wa nyanya ng’ambo ya njia wakacheka. Hata yeye akacheka, maana ni mtu asiyependa kumharibia mwenziwe utani. Lakini mkono wake ulikuwa unatafuta kifungo cha kufungua, unapapasa juu, unapapasa chini, na koti lile halikuwa na kifungo hata kimoja.

Watoto wake walijua tu kwamba aliwahi kupakia miwa; bega walikuwa hawalijui. Mtu anaweza kushangaa, lakini mimi sikushangaa. Watoto hawautazami mwili wa baba; wanamtazama usoni wajue kama amekasirika. Mengine yote nilikuwa nimeyafunika mimi kabla hawajapata akili ya kuona.

“Kosa ni langu,” nikasema. “Nimekata vibaya.”

“Mzee, harusi ni wiki mbili!”

“Nitalikata upya. Suti hizi hazili kitambaa, kimebaki cha kutosha.”

“Na ukiharibu tena?”

“Si nilikuambia?” mcheshi akadakia. “Huyu ni wa kanzu na yunifomu za shule.”

“Mwacheni Mwalimu,” baba yao akasema. Alikuwa ameshavaa koti lake la zamani. Aliondoka bila kuniangalia, nami sikumlaumu.

Siku mbili baadaye binti alirudi peke yake. Alikuja kuchukua kitambaa kilichobaki akipeleke mjini. Nilikuwa ndani ya duka nasali adhuhuri, akakaa kwenye benchi kunisubiri, na macho ya mtu aliyesomea michoro hayakai bure. Karatasi zangu hazina majina. Kila mteja ana alama yake. Kuna nyundo, kuna jembe, kuna kengele ya yule mwalimu mkuu. Ya baba yake ni muwa wenye majani mawili.

Nilipotoka, alikuwa ameitungua na kuitandaza kwenye meza ya kukatia. Kila karatasi ukutani ilikuwa ya nusu. Hii peke yake ilikuwa na vifua viwili na migongo miwili. Alikuwa ameweka upande mmoja juu ya mwingine, akalinganisha chini, na huko juu penye bega karatasi ya chini ilikuwa imetokeza. Akaipima kwa vidole.

“Vitatu,” akasema.

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Ulikuwa hujaanza kutembea.”

“Trela?”

“Trela.”

Mtu wa mkokoteni alipita, akanisalimu, nikamwitikia. Kisha binti akasema, na sauti yake haikuwa ya kuniuliza, “Nilimwambia asimame wima.”

Mimi ndiye niliyekunja kitambaa.

Baadaye akaichukua simu, akaifungua ile picha. “Na huyu, Mwalimu?” Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo.

Nikamwambia nilichokuwa nakijua kama fundi. Huyu naye ana fundi wake. Mahali fulani kuna karatasi zake, na huyo fundi anajua kwa nini koti ni fupi, kwa nini mkono uko mfukoni, kwa nini ameambiwa aegemee gari. Huenda ni sababu nzuri, huenda hakuna sababu. Lakini ile ni sitara yake, imekatwa kwa kasoro zake. Tukiichukua na kuivaa sisi, tunafunika kasoro ya mtu ambaye hatumjui, na ya kwetu inabaki nje.

“Mtazame,” nikasema. “Naye bega limeshuka.”

Akatazama. “Hiyo ni pozi.”

“Ndiyo. Mwenye jina akipinda huitwa pozi.”

Hakucheka sana, lakini alicheka. Akazipanga karatasi kwa mpangilio aliozikuta, akazirudisha kwenye msumari. Kitambaa hakukigusa.

“Baba asijue kwamba nimeona,” akasema.

“Hatajua kwangu.”

“Kaka zangu niachie mimi.”

Alichowaambia nilikisikia wiki hiyo hiyo, mcheshi alipokuja kuchukua suti yake. “Mzee, umesikia? Dada amebadilisha mpango. Anasema kwenye harusi za mastaa baba wa bi harusi havai sare na vijana, anavaanga yake. Ati ndiyo staili imeingia.”

“Mimi za mastaa sizijui,” nikamwambia, “lakini hiyo naipenda.”

Sijui mpaka leo kama ni kweli, na sikutafuta kujua. Nimefundishwa kuogopa uongo, nami nimewafundisha watoto wa watu kuuogopa. Hili nimelikabidhi kwa Mwenye kujua nia.

Koti nikalikata kwa karatasi za muwa, kitambaa kimetandazwa bila kukunjwa, upande kwa upande. Refu, kola pana, vifungo vitatu. Alikuja kulijaribu asubuhi kabla soko halijajaa. Hakusema mulembe safari hii. Alifunga vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena.

Siku ya harusi nilikaa kwenye hema nje ya kanisa, na waliniwekea kiti penye kivuli. Wale vijana watatu walikuwa wa picha kweli kweli. Mcheshi alikula ugali na ingokho, kuku wa kwetu, akiwa amesimama, kwa hofu ya mshono, na sikumwambia kwamba mshono ule ungehimili. Bi harusi alitoka kwenye gari, akashikana mkono na baba yake, wakaenda polepole mpaka mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amejibana kwake, na shela ilikuwa imemlalia baba begani. Nikadhani ni upepo.

Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanazungumza.

“Huyu mzee anajuanga kuvaa.”

“Lakini si ni koti lile lile la siku zote?”

“Ndiyo lake. Sasa ulitaka avae la nani?”

Nilishukuru kimya kimya, nikanywa soda yangu.

Nilipotaka kuandika kumbukumbu hizi, nilimwendea kwanza. Siandiki mwili wa mtu bila idhini yake, hata kama sitaji jina. Tulikaa nyumbani kwake, akanipa chai. Nikamweleza kwamba nataka kuandika habari ya koti lililokatwa kwa picha, kuhusu kosa langu na siku ile ya kujaribu. Ya binti yake sikumwambia, nilikuwa nimeahidi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Andika pia kwamba anajua.”

“Nani?”

“Bi harusi.”

Nikaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba mchungaji aliwafanyisha mazoezi ya kuingia kanisani mara mbili, na mara zote mbili binti aliambiwa amshike baba mkono wa upande fulani. Siku yenyewe, waliposhuka kwenye gari, alimzunguka baba yake mbele ya watu wote akaenda upande wa pili, ule wa bega lililoshuka, akaushika mkono huo na kumtupia shela juu yake. Mchungaji alimwashiria kwa kidole. Akajifanya haoni.

“Yule mtoto hasahau mpango, Mwalimu. Unamjua. Hawezi kukosea upande.”

“Na hukumwambia kitu?”

“Nimwambie nini? Mtu akikufunika, hujifunui ili kumwonyesha kwamba amekufunika vizuri.”

Tukanywa chai. Kuku walikuwa wanachakura kwenye majani makavu ya miwa, na yeye alikuwa amevaa lile koti la rangi ya chai ya maziwa, ambalo sasa limekuwa la kila siku.

“Na akisoma?” nikamuuliza.

“Akisoma, asome. Atajua kwamba nilihisi mkono wake.” Akafikiri kidogo. “Lakini Mwalimu, usiandike ni bega gani.”

Nikamwahidi, na msomaji akirudi nyuma ataona kwamba sikuandika.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mola akupe vazi linalokutosha wewe, wala asikutie kiu ya vazi la mwingine. Akujaalie japo mtu mmoja anayejua upande wako ulioshuka, akatembea nawe upande huo huo, na asiseme neno. Amina.